Deni la Majina

Katika jimbo la Manitoba, nchini Kanada, maziwa ni mengi kuliko majina ya kuyaita. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakuu wa jimbo hilo walikata shauri kwamba kila mwana wa Manitoba aliyekufa vitani apewe kipande cha nchi kiitwe kwa jina lake: ziwa, kisiwa, ghuba au kilima. Kazi hiyo haikwisha kwa mwaka mmoja wala kwa kumi. Imeendelea hata mahali zaidi ya 4,000 pamepewa majina ya marehemu. Wengi katika hao walikuwa vijana wa ndege za mabomu. Kanada ilipoteza vijana wapatao 10,000 katika ndege za mabomu zilizoruka kutoka Uingereza, aghalabu wenye umri wa miaka ishirini na kitu, na wako walioanguka baharini au walioungua hata mwili usionekane. Lakini kijana asiye na mfupa mmoja ardhini ana jina ukutani Runnymede, karibu na London, katika mnara uliofunguliwa mwaka 1953 kwa ajili ya wanahewa zaidi ya 20,000 wasio na kaburi. Ana jina katika kitabu kilichowekwa Ottawa, ambacho hufunuliwa ukurasa baada ya ukurasa ili kila jina lionekane walau mara moja kwa mwaka. Na kama alitoka Manitoba, ana ziwa.

Sianzi na kijana huyu kwa sababu namwonea kijicho. Mama yake alilia kama mama wa kwetu aliavyo, na aliyefiwa ana haki ya kulia. Naanza naye kwa kuwa ni kipimo. Nchi yake imesema kwa vitendo kwamba mtu mmoja aliyekufa ni mtu mmoja, wala si sehemu ya hesabu. Nataka kukichukua kipimo hicho, nikilete hapa katika uwanda wa kati wa Tanzania, nikiweke juu ya watu wetu, kisha niwaulize wasomaji wa jarida hili, ambao kazi yao ni maneno: je, sisi tumewapimia nini wafu wetu?

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika kwetu ilifika pamoja na njaa. Mwezi wa Aprili 1916 jeshi la Jenerali van Deventer lilitwaa Kondoa Irangi, na mwezi wa Mei likapigana hapo na askari wa von Lettow-Vorbeck. Tarehe 29 Julai mwaka huohuo likaingia Dodoma na kuishika reli ya kati. Wajerumani walikuwa wamevunja madaraja ya reli katika kurudi kwao nyuma. Farasi, nyumbu na maksai wa jeshi la Uingereza walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa uletwao na mbung'o. Magari yalikuwa machache, na mvua ziligeuza njia kuwa tope. Ikabaki njia moja tu ya kupeleka unga na risasi mbele, nayo ni kichwa cha mwanadamu.

Pande zote mbili zilichukua watu. Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika ya Mashariki, na waliokufa hukadiriwa kuwa karibu laki moja. Wako wanaokadiria zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, kwa kichomi, kwa malaria, kwa kuchoka na kwa chakula. Mtu aliyelelewa kwa ugali wa uwele na mtama alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, akaupika nusunusu kwa kuni mbichi baada ya mwendo wa kutwa, na tumbo lake likaukataa. Mwanzoni mwa mwaka 1917 mto Ruaha Mkuu ulifurika katika njia ya Dodoma kwenda Iringa, na wapagazi wakavuka maji na matope mizigo ikiwa vichwani mwao. Katika safari kama hiyo mtu akianguka hakuna wa kumngoja.

Waliobaki nyumbani nao hawakusalimika. Ng'ombe walichukuliwa, nafaka ilichukuliwa, na mikono ya kulima ilikuwa safarini. Kisha mvua zikakosa kunya. Ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya miaka ya 1917 na 1920, na homa ya mafua iliyoienea dunia nzima ikawakuta watu wamekwisha kudhoofika. Wanahistoria wamekadiria kwamba katika Ugogo walikufa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000, yaani mmoja katika kila watano. Naitaja njaa hii si kwa kutaka kuongeza huzuni juu ya huzuni. Mtu afaye mbali hukumbukwa na walio nyumbani, na Mtunya iliwaua hao wenye kukumbuka. Baba alifia njiani, na mtoto ambaye angeuliza baba yuko wapi akafia mlangoni. Ndiyo maana jina la mpagazi wa Ugogo lina adui wawili, vita na njaa, na ndiyo maana wajibu wa kulitafuta ni mkubwa kwetu kuliko kwingineko.

Sasa tutazame lililotendeka vita vilipokwisha. Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Kiingereza iliundwa mwaka 1917 juu ya kanuni njema kabisa: kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, na kwamba pasiwe na tofauti ya cheo wala rangi. Katika Ufaransa kanuni hiyo ilifuatwa kwa bidii. Katika Afrika ya Mashariki iliwekwa kando. Afisa wa Tume aliyezungumza na Bwana Horace Byatt, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Kiingereza wa Tanganyika, aliandika kwamba gavana huyo aliona ni bora makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudie pori upesi iwezekanavyo, wala hakupenda kuitazama hesabu ya Waafrika waliokufa katika uchukuzi wa vita vile. Baadaye zikasimamishwa sanamu za askari katika Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Ile ya Dar es Salaam ilisimama mahali ilipokuwa sanamu ya Mjerumani von Wissmann. Chini yake yapo maneno ya kuwaahidi wapiganaji kwamba hata wakifa watoto wao watayakumbuka majina yao. Msomaji aizunguke sanamu ile mara saba, asome kila upande: ahadi ya majina ataiona, jina hataliona hata moja.

Wenyewe wamekwisha kukiri. Mwezi wa Aprili 1921 ulikwisha pita zamani, na ilibidi kungojea Aprili 2021 ndipo Tume, ambayo sasa huitwa ya Jumuiya ya Madola, itoe taarifa ya uchunguzi wake. Taarifa ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, walio wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akasimama Bungeni akaomba radhi. Ni vyema. Mwenye kukosa akikiri, nusu ya kosa imeondoka. Lakini makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya Waingereza. Kuwalaumu ni rahisi, na aghalabu mtu hupenda kulaumu mbali ili asitazame karibu. Tangu Desemba 1961 nchi hii ni yetu, makaburi ni yetu, mashamba ya mtama waliyoyaacha ni yetu, na shule za kufundishia ni zetu. Kwa hiyo nauliza juu yetu.

Nitaanza na nafsi yangu, kwa kuwa si haki kumnyoshea mwenzio kidole kabla ya kujinyoshea mwenyewe. Kwa miaka mingi nimefundisha somo la utohozi, yaani namna Kiswahili kichukuavyo maneno ya kigeni na kuyavika nguo za kwetu. Mifano yake hurudiwa kila mwaka: shule kutoka Kijerumani, meza kutoka Kireno, na Kariakoo kutoka jina la Kiingereza la Kikosi cha Wapagazi, ambacho kambi yake ilikuwa mahali pale Dar es Salaam. Wanafunzi hucheka kidogo, huandika, nasi huendelea na mfano mwingine. Nilikuwa nikieleza jinsi sauti za konsonanti zilivyopatiwa irabu, na nilikuwa nikieleza sawasawa. Siku moja mwanafunzi mmoja, binti wa upande wa Bahi, alinyosha mkono akasema, "Mwalimu, hao wapagazi walikuwa akina nani?" Nikamjibu kwa hesabu niliyoitaja hapo juu. Akaitikia kwa adabu, kisha akasema, "Nimeuliza majina yao, Mwalimu." Sikuwa na jina hata moja.

Nilikuwa nimefundisha kaburi kama kanuni ya sarufi. Kanada wamempa mtu mmoja ziwa zima. Sisi watu laki moja tumewapa soko moja, na hata soko hilo tumelifanya mfano wa darasani. Wanaonunua nguo na nyanya Kariakoo hawana lawama, maana hakuna aliyewaambia. Lawama ni ya aliyejua asili ya neno akaishia kwenye neno.

Wenzangu watakuwa na majibu, nami nimeyasikia. La kwanza ni kwamba majina hayakuandikwa, kwa hiyo hayawezi kujulikana. Jibu hili lina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba waliochukuliwa na Wajerumani katika kurudi nyuma, na waliokamatwa njiani kwa ghafula, wengi hawakuandikwa. Lakini wapagazi wa Kiingereza waliandikishwa, kwa sababu walipaswa kulipwa mshahara, na hapana mshahara bila ya daftari. Taarifa ya 2021 inaonyesha kwamba mahali pengine majina yalikuwako na wakubwa waliamua yasitumiwe. Na tazameni vita vya pili. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa muda wa dakika chache, wakafa watu wapatao 1,300. Wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Askari wa kwetu waliopotea katika vita hivyo bila ya kaburi wanayo kumbukumbu yao Nairobi, na majina yao yamechongwa. Kati ya 1918 na 1944 Mwafrika hakubadilika. Aliitwa kwa jina alilopewa na mama yake kabla na baada. Kilichobadilika ni nia ya mwenye daftari. Basi tusiseme kwamba haikuwezekana. Tuseme kwamba haikutakiwa.

Tena daftari si ghala la pekee la majina. Binti yule wa Bahi alirudi baada ya likizo akiwa na karatasi. Bibi yake, aliyezaliwa kabla ya uhuru, alikuwa amemtajia jina la babu yake yeye bibi, aliyechukuliwa wakati wa kupura mtama, akaondoka na kibuyu na nguo moja, na habari yake ya mwisho ilisikika kutoka upande wa Iringa. Jina hilo lilikuwa limewekwa katika ukoo kwa namna ambayo mwanachuoni asingeitafuta: lilipewa mjukuu, kisha mjukuu wa mjukuu. Siliandiki hapa, maana wenye haki ya kulitoa kwanza ni ukoo wake, na binti mwenyewe ndiye atakayeliandika. Nasema tu kwamba miaka mia moja na zaidi jina lile lilikuwa likiitwa kila asubuhi, likitumwa maji, likitumwa kuchunga mbuzi, nasi katika vyuo tulikuwa tukisema kwamba majina hayajulikani.

Jibu la pili lina ukali zaidi, na husemwa na vijana wenye uchungu wa nchi. Husema: hawa walikuwa wachukuzi wa mabeberu wawili waliokuwa wakigombania mali isiyo yao. Vita havikuwa vyetu. Kwa nini tuwajengee heshima waliombebea mkoloni risasi? Tuwakumbuke wa Majimaji, tuwakumbuke wa Kagera, tuwaache hawa. Nawaheshimu wasemao hivi, kwa kuwa wanapambanua. Lakini wanachanganya kukumbuka na kusifu. Mtu husifiwa kwa alilolitenda. Hukumbukwa kwa kuwa alikuwako. Mpagazi wa Ugogo hakuchagua upande. Alikamatwa shambani, au aliitwa na jumbe aliyeamriwa kutoa idadi ya watu. Ikiwa tutamnyima jina kwa sababu alilazimishwa, tutakuwa tumemwadhibu kwa dhuluma aliyotendewa. Na yule kijana wa Kanada, je? Yeye naye alikufa mbali na kwao, katika vita vilivyoanza mbali na kwao, na mabomu aliyoyaangusha yaliua watoto katika miji ya Ujerumani. Watu wa nchi yake wanabishana hata leo juu ya mabomu yale, lakini hakuna anayesema ziwa lake livuliwe jina. Wamejua kutenga mabishano ya vita na haki ya maiti. Mkoloni alisema mpagazi hana haja ya jina kwa kuwa ni mpagazi tu. Sisi tukisema hana haja ya jina kwa kuwa alikuwa mpagazi wa mkoloni, tumefika pale pale kwa njia nyingine.

Jibu la tatu ni la watu wa kiasi. Husema: mnara mmoja kwa wote watosha, askari asiyejulikana ni heshima inayotolewa katika nchi nyingi, nasi kila tarehe 25 Julai huweka mkuki na ngao, shada la maua na upinde, na taifa hunyamaza. Siibezi siku hiyo. Ni siku tukufu, na Dodoma ina sehemu yake humo, maana katika Siku ya Mashujaa ya mwaka 2016, iliyofanyika hapa, ndipo Rais Magufuli alipotangaza kwamba atahamia Dodoma. Lakini kaburi la askari asiyejulikana lilibuniwa Ulaya katika nchi zilizokwisha kuandika wanaojulikana. Lilikuwa la mabaki, la wale ambao baada ya kutafutwa kwa juhudi zote hawakutambulikana. Sisi tumechukua mwisho wa kazi tukaufanya mwanzo. Asiyejulikana kwetu si yule aliyetafutwa asipatikane, bali ni yule asiyetafutwa. Na kwamba twaweza kutafuta, twajua, kwa sababu tumekwisha kufanya. Kule Kaboya, mkoani Kagera, wamelala mashujaa zaidi ya 600 wa vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, na taifa haliwaachi kichakani. Aliyewazika hao kwa heshima ndiye huyuhuyu awezaye kumwuliza bibi wa Bahi.

Jibu la nne ni zito kuliko yote, nalo ni la maskini: maji kwanza, zahanati kwanza, madawati kwanza, wafu baadaye. Nani wa kulipinga katika uwanda huu, ambapo mvua ya mwaka mzima huweza kunya katika wiki chache na mama huijua bei ya ndoo ya maji? Kama ningekuwa naomba minara ya marumaru ningestahili kunyamazishwa. Lakini yatazameni ya Manitoba. Hawakujenga kitu. Maziwa yalikuwako tangu zamani. Walichokitoa ni jina, na jina halina gharama isipokuwa ya kulitafuta na kuliandika. Nasi wakati wetu ndio huu. Dodoma ni Jiji na ni Makao Makuu kwa sheria ya mwaka 2018. Barabara mpya zinapasuliwa Mtumba na kwingineko, viwanja vinapimwa, shule zinafunguliwa, na kila kimoja chahitaji jina. Barabara itaitwa kitu fulani kwa vyovyote vile. Kuiita kwa jina la mpagazi aliyepita mahali palepale na mzigo kichwani hakupunguzi ndoo moja ya maji.

Basi ikiwa majibu yote manne hayasimami, ni nani aliyetuzuia? Hapa ndipo nataka wenzangu wa idara za Kiswahili wanisikilize, hata wakinikasirikia. Tumezuiliwa na mazoea yetu. Tumejifunza kuona kwamba habari hizi ni kazi ya wanahistoria, nao wameziandika, lakini wengi wao wameziandika kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mjukuu wa mpagazi hayasomi. Sisi wa lugha tumekaa na vina na mizani, na ngeli, na nadharia zinazoletwa kila baada ya miaka kumi kama mitumba, tukiwatuma wanafunzi wahakiki riwaya zilezile ambazo kaka zao walizihakiki. Shahada hutolewa, tasnifu hupangwa rafuni, na bibi wa Bahi hufa hajaulizwa.

Haikuwa hivyo kwa waliotutangulia. Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa, karibu na Dodoma, mwaka 1917, yaani mwaka ule ule wapagazi walipokuwa wakivuka Ruaha na Mtunya ilipokuwa ikianza. Alikuwa mtoto wa njaa ile na aliipona. Alipokua alikuwa mshairi mkubwa na bingwa wa ngonjera, lakini kabla ya sifa hizo kuenea alikaa na wazee wa kwao, akauliza, akaandika, na mwaka 1954 kikachapishwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Hakuona kwamba kuuliza wazee ni kazi ya idara nyingine. Aliona kwamba mwenye lugha ndiye mwenye kumbukumbu, na kwamba Kiswahili, ambacho hakikuwa lugha ya mama yake, chaweza kuwatunza watu wa mama yake. Twamsifu katika makongamano. Kazi yake hatuifuati.

Nitasema ninalolitaka, ili nisiambiwe kwamba nimelalamika nikaondoka. Nataka kila mwanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya uwanda huu, anapokwenda likizo Mpwapwa, Kongwa, Kondoa, Bahi, Chamwino, Manyoni au kokote atokako, aulize swali moja kwa mzee mmoja: katika ukoo huu, nani alichukuliwa kwenda vitani asirudi? Aandike jina kama linavyotamkwa kwao, kwa Kigogo, Kirangi, Kisandawe au Kinyaturu, bila ya kulisahihisha. Aandike jina la baba, kijiji, na neno lolote lililobaki. Ukoo ukikataa, akubali kukataliwa. Nataka majarida yetu, na hili likiwa la kwanza, yatenge ukurasa katika kila toleo kwa majina hayo, hata likiwa jina moja tu. Nataka orodha hiyo ipelekwe kwa wenye kuyaita mabarabara na shule katika Jiji, na ipelekwe kwa ile Tume iliyokiri kosa, ili kukiri kwake kuwe na kazi ya kufanya. Na nataka anayefundisha utohozi, atakapofika kwenye neno Kariakoo, asiendelee na mfano mwingine mpaka amewataja wapagazi watatu kwa majina yao.

Kuna watakaosema kwamba tutapata majina mia mbili kati ya laki moja, na kwamba hiyo ni kichekesho. Si kichekesho. Manitoba nayo ilianza na ziwa la kwanza. Jina moja lililopatikana huvunja hoja kwamba hayapatikani, na hilo peke yake ni ushindi. Lakini ukweli usemwe: wako ambao hatutawapata kamwe, kwa sababu Mtunya ilimaliza nyumba nzima hata pasibaki wa kumpa mjukuu jina. Kwa hao mnara wa wasiojulikana utakuwa halali yao, nao watakuwa wa mwisho kuhesabiwa baada ya kutafutwa, kama ilivyopasa.

Nimetafuta neno la kuwaombea radhi wale ambao nimewafundisha kwa miaka mingi, sikulipata. Badala yake mwaka huu nimeanza somo langu la utohozi kwa jina la mtu mmoja, baada ya ukoo wake kuniruhusu kulitaja darasani. Nililiandika ubaoni peke yake. Wanafunzi walidhani ni neno la kigeni, wakaanza kutafuta asili yake. Nikawaambia kwamba asili yake ni hapa.